Kutoka Fomu 34A hadi Mswada wa Fedha: raia wameanza kusoma karatasi za serikali wenyewe

Mwanamvita ameandika:

Wanajukwaa, salaam.

Mijadala ya mitandao na siasa humu ndani huishia pale pale: nani ametrendi, nani katukanwa, nani kalipwa. Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho naona kimebadilisha siasa za Kenya kuliko vyote hivyo, nacho ni karatasi. Fomu, miswada, ripoti: vitu vilivyokuwa vikikaa kabatini sasa vinafika kwenye simu ya mama mboga vikiwa vizima, na yeye au mwanawe anaweza kuvisoma kabla mwanasiasa hajafika kumweleza vinasema nini.

Tukumbuke tulikotoka. Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalisomwa pale jumba la mikutano la KICC, Nairobi, huku kila upande ukipunga karatasi zake, na raia wa kawaida hakuwa na njia yoyote ya kujua ipi ya kweli. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, marehemu Samuel Kivuitu, alikuja kusema hadharani kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Katikati ya giza hilo, Januari 2008, Wakenya wachache waliunda tovuti ya Ushahidi, iliyokusanya taarifa za ghasia zilizotumwa na watu kwa SMS na baruapepe na kuzipanga kwenye ramani. Kwangu mimi hadithi yenyewe inaanzia hapo: raia walipokosa rekodi ya serikali, wakaanza kuandika yao.

2013 tuliahidiwa mitambo, na mingi ikakwama siku yenyewe. 2017 tukaahidiwa tena. Juni mwaka huo Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, kwamba matokeo yakishatangazwa mashinani makao makuu Nairobi hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko wengi walivyoelewa, maana ulihamisha mamlaka kutoka mezani kwa mwenyekiti hadi kwenye karatasi ya kituoni. Kisha mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando aliyesimamia teknolojia ya tume akakutwa ameuawa. Siku ya kura ilipofika, tarakimu zilimiminika kwenye skrini bila fomu za kuzithibitisha. Mahakama ya Juu ilipoagiza seva zifunguliwe, tume haikutekeleza ipasavyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Jaji Mkuu Maraga na wenzake wakaufuta uchaguzi wa rais, na mapungufu ya kupeperusha matokeo yalikuwa kiini cha hukumu.

Sasa tazameni Agosti 2022. Vituo 46,229. Picha ya kila Fomu 34A, yaani karatasi ya matokeo ya urais ya kila kituo, ikiingia kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi, IEBC, na yeyote, awe Lodwar au Doha, anaweza kuipakua. Safari hii tume haikutanguliza jumla. Ilitoa karatasi na kuwaachia watu wajumlishe. Wanafunzi, wahasibu, wanahabari, vyama, watu wa dini, kila mmoja na kikokotoo chake. Mwenyekiti wa tume, Chebukati, aliposimama Bomas kutangaza matokeo tarehe 15 Agosti, Ruto 7,176,141, Odinga 6,942,930, makamishna wanne kati ya saba walikuwa wameyakana matokeo hayo wakiwa hotelini Serena. Mwaka 2007 mgawanyiko kama ule ungetuchinja. Safari hii maelfu ya watu walikuwa tayari wana hesabu zao. Mahakama ya Juu iliagiza fomu halisi zilinganishwe na zile za tovutini na haikukuta tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja wakayathibitisha matokeo.

Sisemi kila aliyeshindwa aliridhika. Nasema ugomvi ulikuwa juu ya karatasi ambayo sote tuliiona.

Nitaendelea na Mswada wa Fedha hapa chini. Kwanza nataka kuwasikia, hasa waliofanya kazi vituoni.

---

Karani_wa_Kwale ameandika:

Mwanamvita umegusa penyewe. 2022 nilikuwa karani Kwale, ngoja niwape picha ya ndani.

Kituo hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo kuhesabu kunakwisha usiku ule ule. Kila kura inainuliwa mawakala waione. Ukimaliza unajaza fomu: waliojiandikisha, zilizopigwa, zilizokataliwa, kisha wagombea wote wanne wa urais. Mawakala wanatia saini, kila mmoja anapewa nakala, nyingine inabandikwa mlangoni. Ndipo msimamizi wa kituo anaipiga picha kwa KIEMS, kile kifaa cha kielektroniki cha tume, na kuituma.

Kilichobadilika kati ya uchaguzi wa nyuma na ule ni namna sisi wenyewe tulivyoijaza. Zamani fomu inajazwa na mtu aliyechoka saa nane usiku, mwandiko wa kuku, akijua itaingia kwenye bahasha na huenda isisomwe tena. Safari hii msimamizi wetu alituambia: andikeni vizuri, hii itasomwa na dunia nzima kabla hamjafika nyumbani. Tukajumlisha upya na upya. Hakuna mafunzo yaliyowahi kutia adabu kiasi hicho.

Wakala mmoja wa chama kilichoshindwa pale kwetu asubuhi alifungua simu, akaitafuta fomu ya kituo, akakuta saini yake. Akaniambia, "Hii ni yetu." Hakuongeza neno.

---

Mnyakyusa Halisi ameandika:

Wakuu, naandika kutoka Mbeya, Tanzania, nasoma uzi huu kwa uchungu kidogo.

Huku kwetu sijapata kuona fomu za vituo vyote zikiwekwa mtandaoni mwananchi ajumlishe mwenyewe. Na hata ungejumlisha, ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yapo hapa hapa nchini, Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Ibara ipo mpaka leo.

Tangu Januari 2016, televisheni ya taifa, TBC, ilipoacha kurusha Bunge mubashara, sisi tumezoea kupewa muhtasari badala ya jambo lenyewe. Mei 2025 mtandao wa X ukafungwa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima, watu wakakaa siku kadhaa bila kujua ndugu zao wa mikoa mingine ni wazima au la. Kwa hiyo Mwanamvita, hoja yako naikubali na ninaiongezea: karatasi ikiwa mtandaoni, anayeshika swichi ya mtandao ndiye ameshika karatasi. Ninyi mlipata tovuti kwa sababu mlikuwa na mahakama iliyothubutu kufuta uchaguzi. Mahakama ilitangulia, teknolojia ikafuata.

---

Eastlando_77 ameandika:

Nawaheshimu, lakini mnapamba mno.

Mwaka 2022 hizo fomu zilipotolewa, kila kituo cha televisheni kilianza na maeneo yake. Ukifungua huku Raila anaongoza, ukifungua kule Ruto anaongoza, saa ile ile. Mtaani kwetu watu walikuwa karibu kushikana mashati. Baadaye vituo vikapunguza kasi, vingine vikasimama kabisa, na hapo ndipo hofu ikazidi. Fomu bandia nazo zilisambazwa WhatsApp mpaka IEBC ikawa inazibandika alama ya kuonyesha ni feki na kuzirusha upya. Karatasi kuwa wazi hakumaanishi watu wanaisoma.

Tena msisahau mitandao hii hii ndiyo soko la uongo. Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya data, walifanya kazi kwenye kampeni za chama cha Jubilee, na viongozi wao walinaswa na kamera ya Channel 4 wakijigamba. Mwaka 2021, wakati wa BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, uchunguzi uliofanywa chini ya taasisi ya Mozilla ulionyesha vijana wakilipwa dola 10 hadi 15 kushiriki kampeni tatu kwa siku za kuwachafua majaji na wanaharakati. Hao nao walikuwa raia wenye simu.

---

Mwanamvita ameandika:

Karani, asante sana. Hilo la mwandiko sikulijua, na ndilo linalonithibitishia kwamba fomu kuwa wazi kulibadilisha kazi yenyewe, si maneno tu.

Ndugu yangu wa Mbeya, nakubaliana nawe moja kwa moja. Mahakama ilitangulia.

Eastlando, ulichosema juu ya vijana wa kulipwa ni kweli tupu. Lakini tazama walichokuwa wakiuza: hisia. Trendi inanunulika kwa dola 10. Fomu 34A elfu arobaini na sita, zilizotiwa saini na mawakala waliokuwepo, na nakala mlangoni, huwezi kuzinunua kwa usiku mmoja. Hata zile za kughushi zilijulikana kwa sababu ya asili ilikuwepo ya kulinganisha. Na ule mkanganyiko wa televisheni ulitokana na vituo kuchagua wapi pa kuanzia bila kumweleza mtazamaji. Hilo lilikuwa kosa la uhariri. Fomu zenyewe zilikuwa sawa.

Sasa Mswada wa Fedha wa 2024.

Mswada wa fedha huja kila mwaka, na kila mwaka ulisomwa na wahasibu, mawakili na watu wa viwanda. Mei 2024 ulipotoka, watu waliupakua kama ulivyo na kuugawana. Mkate, VAT asilimia 16. Mafuta ya kupikia, ushuru wa asilimia 25. Gari, asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kuanzia shilingi 5,000 hadi 100,000. Ushuru wa mazingira ambao ungegusa mpaka nepi na sodo. Mtu wa kodi alieleza kifungu chake, daktari chake, mwanasheria chake. TikTok ikajaa maelezo kwa Kikamba, Kijaluo, Kikalenjin, Kisomali, kila mtu akimweleza mamake kwa lugha ya nyumbani. Kuna aliyetengeneza programu ya akili mnemba unayoiuliza swali juu ya mswada nayo inakujibu. Sijawahi kuona nchi nzima ikijadili vifungu vya sheria ya kodi kwa namba zake.

Serikali iliposema watu wamedanganywa na mitandao, watu walijibu kwa ukurasa na kifungu. Hapo ndipo niliona kitu kimevunjika ambacho hakitaungika tena. Mbunge alizoea kuwa ndiye anayejua. Sasa anasimama mbele ya kijana aliyeusoma mswada kumshinda.

Namba za simu za wabunge pia zilisambazwa. Kumwandikia mbunge wako ni haki yako. Kusumbua mke na watoto wake si haki ya mtu, na waliofanya hivyo walitupunguzia heshima.

Tarehe 20 Juni wabunge 204 waliunga mkono katika kusomwa kwa mara ya pili, 115 wakapinga. Tarehe 25, 195 kwa 106, ukapita. Siku hiyo vijana waliingia Bunge na wengi walipigwa risasi barabarani. Kwa hesabu ya tume ya haki za binadamu ya KNCHR, waliouawa katika miezi ile ya maandamano walifika 60 na zaidi. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini, na tarehe 5 Julai akaja mwenyewe kwenye mazungumzo ya sauti ya X kuhojiwa na vijana.

Swali linalonisumbua ni hili: kwa nini watu waliousoma mswada vizuri namna ile walilazimika kufa barabarani ili wasikike? Katiba, kifungu cha 118, inaliamuru Bunge kuwashirikisha wananchi. Maoni yalipelekwa. Yaliingia wapi?

---

Nyar_Ahero ameandika:

Mimi ni wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, Ahero. Wazee wasio na simu janja huja kwangu, kwa hiyo naona pande zote mbili.

Kwanza niseme, tusijidanganye kwamba TikTok ilifika kila mahali. Huku redio za lugha ya mama ndizo zilizofikisha. Kijana anarekodi, mtangazaji anaidaka, jioni mzee anaisikia kwenye kibanda. Bila redio, Mswada wa Fedha ungebaki mjadala wa Nairobi.

Pili ndilo jambo langu. Siku hizi karibu kila kitu ni eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, leseni, cheti cha polisi, vyote unalipa kwa simu kupitia namba 222222. Mtu akilipa, risiti inaingia kwenye simu kabla hajainuka kwenye kiti. Wakati tovuti iliposhambuliwa Julai 2023 na huduma zikalala, niliwarudisha watu nyumbani siku nzima, ndipo nikaelewa jinsi serikali ilivyohamia humo ndani.

Lakini Juni 2024 niliwasaidia akina mama wa kikundi cha akiba kuandika maoni yao juu ya ule ushuru wa sodo. Tuliandika vizuri, tukatuma kwa baruapepe ya Bunge. Hakuna hata namba ya kuonyesha imepokelewa. Serikali ile ile inayonipa risiti ya shilingi 50 haiwezi kunipa risiti ya maoni yangu. Wale akina mama bado huniuliza.

---

Eastlando_77 ameandika:

Dada wa Ahero, hapo umenishika. Hoja hiyo sina jibu lake.

---

Mwanamvita ameandika:

Dada Nyar Ahero, umesema kwa mistari michache nilichokuwa nakitafuta kwa kurasa. Serikali imejifunza kutoa karatasi na kupokea pesa kwa mtandao. Kupokea maoni haijataka kujifunza. Tazameni mambo mawili yaliyofuata.

La kwanza ni la mahakamani. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 ni batili, mojawapo ya sababu ikiwa Bunge halikuwaeleza wananchi kwa nini limeyakubali au kuyakataa maoni yao. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaugeuza uamuzi huo, ikasema Bunge halina wajibu wa wazi wa kutoa sababu za maandishi kwa kila pendekezo, ingawa ikahimiza itungwe sheria ya ushirikishwaji wa umma. Naiheshimu mahakama hiyo kwa iliyoyafanya 2017, lakini naamini hapa imeacha mlango umefungwa. Maoni yasiyojibiwa hayatofautiani na maoni yasiyosomwa, na aliyetuma hana njia ya kujua ni lipi limetokea.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka 2025 mtaalamu wa programu, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa rahisi ulioitwa Civic Email: ulionyesha vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025 na kumwezesha raia kutuma pingamizi lake bungeni kwa kubofya mara moja. Hakuna jiwe lililorushwa. Alifanya kile kile ambacho viongozi walikuwa wamewaambia vijana wakifanye badala ya kuandamana. Tarehe 30 Mei alikamatwa, akalala korokoroni wikendi nzima ya sikukuu ya Madaraka, kisha akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini chini ya sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018. Juni 20 mahakama ilisema mashtaka yale hayaonyeshi kosa lolote, ikamwachilia.

Yaani baruapepe za wananchi kulijaza sanduku la Bunge kulionekana ni shambulio. Kama sanduku lingekuwa limejengwa la kupokea wananchi, wingi ule ungekuwa ushahidi kwamba Katiba inafanya kazi.

Na Juni hiyo hiyo, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi baada ya kukamatwa kwa sababu ya chapisho la mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Tusiseme mtandao umeleta uhuru bila kulitaja jina lake.

---

Mnyakyusa Halisi ameandika:

Mkuu, sasa kifanyike nini? Kwetu walau tangu 2021 sheria ilitamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, tunasubiri tafsiri zikamilike. Kwenu mswada bado unatoka kwa Kiingereza, si ndiyo?

---

Mwanamvita ameandika:

Ndiyo ndugu yangu, kwa Kiingereza, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa mujibu wa Katiba yetu. Hiyo tafsiri iliyofanywa na vijana wa TikTok bila malipo ilikuwa kazi ya Bunge.

Ninachotaka tukidai kwa jina lake ni hiki: kila maoni yanayopelekwa kwenye kamati yapewe namba na risiti papo hapo kama ya eCitizen, yote yawekwe kwenye tovuti ya Bunge kama zilivyowekwa Fomu 34A, yakiwa yamefichwa namba za simu na vitambulisho vya watu, na kamati iandike mbele ya kila kundi la maoni, limekubaliwa au limekataliwa, kwa sababu gani. Mitambo ipo. Nchi iliyoweza kupokea fomu 46,229 kwa siku chache haiwezi kusema imeshindwa na barua.

Tusisubiri sheria mpya ndipo tuanze. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinatupa haki ya kuomba rekodi yoyote ya taasisi ya umma. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Sababu unayoitaja, au kutoitaja, haiathiri haki yako. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi tunaiita Ombudsman.

Dada Nyar Ahero, kama akina mama wako bado wanayo ile nakala ya Juni 2024 na tarehe iliyotumwa, tuandike ombi kwa Karani wa Bunge la Taifa, kwa Kiswahili, la maneno machache: maoni yetu yalipokelewa lini, yalisomwa na nani, yakaamuliwaje. Nitaandika rasimu na kuibandika hapa. Wenye vikundi vingine waliotuma maoni na hawakujibiwa, leteni tarehe zenu.

---

Nyar_Ahero ameandika:

Nakala ninayo, iko kwenye kompyuta ya saiba. Mwenyekiti wa kikundi anakuja Alhamisi. Weka rasimu.